Kufundisha sitiari na nahau za Kiingereza kwa kopasi badala ya orodha

Orodha za nahau za Kiingereza zina kasoro moja kubwa: zinatoa maana na kuficha matumizi. Mwanafunzi hukariri kwamba "a piece of cake" ni jambo rahisi, kisha anaandika kwenye barua ya kuomba ufadhili kwamba kukusanya data za utafiti wake kutakuwa "a piece of cake". Sarufi haina kosa, maana haina kosa, ila msomaji wa barua ile ataona mtu anayepiga soga pale alipotarajiwa kuwa makini. Orodha haikumwambia ni nani husema hivyo, akizungumza na nani, na ni maneno gani huandamana na nahau hiyo. Maswali hayo kopasi huyajibu vizuri kuliko kitabu chochote cha nahau nilichowahi kukitumia, ndiyo maana siku hizi naingia darasani na kurasa za mistari ya kopasi na orodha naziacha kabatini.

Kopasi ni mkusanyo wa matini halisi, zilizoandikwa au kusemwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria darasa lolote, uliohifadhiwa kwenye kompyuta ili upekuliwe. Kopasi ya Brown ilikuwa na maneno takriban milioni 1, yote kutoka machapisho ya Marekani ya mwaka 1961. Kwa kazi yetu hiyo ni ndogo mno, kwa sababu nahau nyingi hazifikishi hata tukio moja katika kila maneno milioni. BNC (British National Corpus) ya Uingereza ilikamilika mwaka 1994 ikiwa na maneno milioni 100, tisa ya kumi yakiwa maandishi na kilichobaki mazungumzo. COCA (Corpus of Contemporary American English) ya Marekani imepita maneno bilioni 1, ina matini za kuanzia 1990 hadi 2019, na imegawanywa katika aina nane: mazungumzo, hadithi, magazeti, majarida, makala za kitaaluma, filamu na televisheni, blogu, na kurasa nyingine za wavuti.

Mimi huanza na COCA kwa sababu ya mgawanyo huo. Omba chati ya "a piece of cake" na utaona nguzo ikipanda kwenye filamu na televisheni, halafu ikizama kwenye makala za kitaaluma. Onyesha darasa chati hiyo bila kusema neno. Hata mwenye barua ya ufadhili ataelewa. Kujisajili ni bure, ila kwa asiyelipa kuna kikomo cha utafutaji kwa siku, kwa hiyo fanya utafutaji wako mapema na uhifadhi matokeo. Ukitaka kitu chepesi ambacho mwanafunzi anaweza kukifungua kwenye simu bila kujisajili, tovuti ya SkELL inaleta hadi sentensi 40 kwa kila neno, nazo zimechaguliwa zisiwe ndefu wala za ajabuajabu.

Kuchagua cha kufundisha

Kabla ya somo naandika semi ninazofikiri nataka kuzifundisha, halafu naiachia kopasi izichuje. Zile zinazopendwa na vitabu kwa sababu picha zake zinachekesha, kama "raining cats and dogs" na "kick the bucket" (kufa), huanguka mapema. Andika KICK the bucket kwenye COCA. Herufi kubwa huiambia programu ilete kick, kicks, kicked na kicking kwa pamoja. Kisha soma mistari yenyewe, usiishie kwenye idadi. Utakuta aliyepiga teke ndoo ya kweli, utakuta mzaha, na utakuta watu wanaoitaja nahau hiyo kama mfano wa nahau. Ukiwaondoa hao, matumizi ya dhati yanayobaki ni machache. Sasa tafuta "the tip of the iceberg". Mara nyingi anayeitumia hazungumzii barafu hata kidogo, na mara kwa mara utaona "just" au "only" imesimama mbele yake. Hiyo mwanafunzi atakutana nayo kwenye habari, na atahitaji kuitumia mwenyewe. Nahau ya ndoo akiielewa siku akiisikia, inatosha.

Kuna jambo linalowakwaza walimu wapya wa kopasi: kompyuta haioni sitiari, inaona herufi tu. Huwezi kuiambia ikuletee sitiari zote za hasira. Lazima uingie kwa neno, na milango ninayoitumia ni mitatu. Wa kwanza ni neno la upande wa picha: chukua maneno ya vita kama "attack", "defend" na "battle", uone yanatumika kuzungumzia nini kisichokuwa vita. Utapata hoja, maradhi na kampeni za uchaguzi. Wa pili ni neno la upande wa mada: chukua "prices" na uombe vitenzi vinavyolifuata. Watakuja "soar", "climb", "plunge", "fall", na mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba bei katika Kiingereza ni kitu kinachopaa na kuporomoka. Huu ndio mlango ninaoupenda zaidi kwa wanafunzi wa biashara na uandishi wa habari.

Wa tatu ni viashiria. Andika "as ADJ as a NOUN", kisha "as ADJ as NOUN" bila "a", utafute tashbihi; ADJ husimama badala ya kivumishi chochote, na NOUN badala ya nomino yoyote. Jiandae kwa takataka za aina ya "as good as a" na kitu chochote kile, lakini katikati yake kuna vito kama "as clear as mud", ambayo kwa maneno ni sifa na kwa maana ni kejeli. Mwanafunzi aliyeikuta hiyo mwenyewe hasahau kwamba tashbihi inaweza kusema kinyume cha inachotamka. Viashiria kama "so to speak" navyo hufaa, kwa kuwa hapo msemaji mwenyewe anakiri kwamba hasemi neno kwa neno.

Somo lenyewe: maji yanayohesabu vitu

Nikipewa somo moja tu la kumwonyesha mwalimu mgeni jinsi jambo hili linavyofanya kazi, nachukua "a wave of", "a flood of", "a stream of" na "a trickle of". Kamusi nyingi zitamwambia mwanafunzi kwamba zote zinaeleza kiasi cha kitu. Ni kweli, na haimsaidii. Akiandika "a steady wave of customers", kamusi haitamzuia.

Natafuta "a wave of NOUN" na wenzake, mmoja mmoja. Kwa kila usemi nachagua mistari kama kumi na mitano. Siirekebishi mistari; naichagua tu, nikiacha ile yenye majina ya watu yasiyojulikana au maneno magumu yasiyo na faida kwa somo. Ukianza kuzipiga deki sentensi za watu ili zifae darasani, umerudi kwenye kitabu cha nahau kwa mlango wa nyuma. Mistari naichapa ikiwa imepangwa ili usemi wenyewe usimame katikati, muktadha kushoto na kulia, hata kama sentensi zimekatika pande zote mbili. COCA ina mwonekano huo tayari, na inapaka kila aina ya neno rangi yake, jambo linalomsaidia mwanafunzi kuona nomino bila kusoma.

Hapa kuna agizo ambalo usipolitoa somo litakwama: wasisome sentensi. Wanafunzi wenye bidii huanza mstari wa kwanza wakiwa na kamusi mkononi, na baada ya dakika kumi wako mstari wa tatu. Waambie wateremke wima, wakitazama neno moja tu upande wa kulia. Kisha wateremke tena wakitazama neno moja upande wa kushoto. Wanapewa maswali machache: nini kinakuja baada ya "of"? Ni watu, hisia, matukio au vitu? Kivumishi gani kinatangulia? Jambo lenyewe ni la heri au la shari?

Wanachokigundua kinafuata mkondo uleule karibu kila mara. "A wave of" huvuta hisia zinazompitia mtu ghafla, kama "nausea", "relief" na "panic", na pia matukio yanayotokea kwa pamoja kisha yakapungua, kama "protests", "attacks" na "strikes". "A flood of" huvuta vitu vinavyokuja vingi kuliko uwezo wa kuvipokea: "calls", "complaints", "tears", "memories". "A stream of" ndiyo yenye vivumishi vya mwendo, "steady", "constant", "endless", na baada yake wanakuja wageni, magari na maswali. "A trickle of" ni kidogo na pengine kinakatisha tamaa. Sasa yule wa "a steady wave of customers" anaona mwenyewe tatizo liko wapi: wimbi hupanda na kushuka, halitulii. Mkondo ndio unaotiririka bila kukatika. Sikumfundisha hilo, ameliona kwenye mistari, na sababu yake ameitoa kwenye picha yenyewe ya maji.

Mwalimu wa kwanza kulipigania hili kwa sauti kubwa alikuwa Tim Johns wa Birmingham, aliyetaka mwanafunzi awe mtafiti wa lugha badala ya mpokeaji wa kanuni. Kabla yake yupo mwanaisimu J. R. Firth, aliyesema mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wale linaoandamana nao. Kwa lugha ya kitamathali naona kauli hiyo ina uzito maradufu, kwa sababu picha peke yake inaweza kukupeleka popote. Majirani wa neno ndio wanaokwambia wazungumzaji wameamua kuipeleka wapi.

Usikimbilie zoezi linalofuata kabla ya kuuliza kuhusu watu. Kwenye mistari ya "flood of" na "wave of" watakuwamo wakimbizi na wahamiaji. Waulize wanafunzi: ni nani anayeandika hivyo, na mafuriko kwa kawaida hufanyiwa nini? Huzuiwa, hujengewa kuta. Aliyeita watu mafuriko ameshatoa hukumu kabla hajatoa hoja. Mjadala huu hunilia muda mwingi kuliko nilivyopanga na sijawahi kuukatiza, maana hapo ndipo wanafunzi wanapoacha kuiona sitiari kama pambo la mtihani.

Umbo nalo ni sehemu ya maana

John Sinclair, aliyeongoza mradi wa COBUILD huko Birmingham ambao kamusi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, alitoa mfano ambao naufundisha bila kuuongeza kitu. Tafuta "naked eye". Kushoto kwake karibu daima pana "the". Kabla ya "the" pana "to" au "with". Kabla yake tena pana neno la kuona, kama "visible", "see" au "invisible". Na ukitazama mbali zaidi kushoto utakuta dalili ya ugumu: kitu ni kidogo, kiko mbali, hakionekani vizuri. Maneno mawili, kumbe yana mkia mrefu. Mwanafunzi anayejua mkia huo anaandika "barely visible to the naked eye" kwa mkupuo mmoja. Asiyeujua anaandika "my naked eyes saw the car", na hakuna kamusi iliyomwonya.

Alice Deignan, ambaye amechunguza sitiari kwa kopasi kwa muda mrefu, alionyesha jambo jingine ambalo huwafurahisha wanafunzi: majina ya wanyama yakiingia kwenye sitiari mara nyingi hubadili aina ya neno. Kindi anabaki mnyama akiwa nomino, lakini anayeficha akiba anafanya "squirrel away". Anayekula kwa pupa "wolfs down" chakula chake. Waandishi wa habari "hound" mtu mashuhuri. Wape darasa mistari ya "hounded" na ya "hounds", wahesabu ni mingapi inayozungumzia mbwa. Tofauti itajionyesha yenyewe.

Kiingereza cha kitaaluma kimejaa sitiari kuliko riwaya

Wengi hudhani lugha ya kitamathali ni mambo ya ushairi na hadithi, kwa hiyo anayejifunza Kiingereza ili asome uhandisi hana haja nayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha VU huko Amsterdam walichukua matini kutoka BNC na kupima neno kwa neno. Katika makala za kitaaluma maneno yenye uhusiano na sitiari yalikuwa takriban asilimia 18. Habari asilimia 16. Hadithi za kubuni zilifika karibu 12. Mazungumzo hayakufika 8. Sehemu kubwa ni maneno ya kawaida kabisa, vihusishi vikiwamo, yasiyomshtua mtu.

Mbinu ya kutambua sitiari waliyoiboresha ilitoka kwa watafiti kumi walioungana kwa jina la Pragglejaz, lililotokana na herufi za mwanzo za majina yao, na waliichapisha mwaka 2007. Kwa darasa naipunguza hivi: soma matini yote uelewe, kwa kila neno jiulize hapa lina maana gani, kisha jiulize kama lina maana nyingine ya msingi zaidi, inayoshikika kwa mkono au kuhusu mwili, kama zipo mbili zinazotofautiana na moja inaeleweka kwa kuilinganisha na nyingine, weka alama. Wape sentensi hii niliyoitunga: "The report attacks the theory on several fronts." Ripoti haina mkono wa kupigia, na nadharia haina uwanja wa vita. Alama mbili zimeshapatikana, na wakali wa darasa watabishana kuhusu "on". Waache wabishane.

Kisha wapeleke kwenye sehemu ya kitaaluma ya COCA watafute vitenzi vinavyotangulia "light on". Watapata "shed", "throw" na "cast", na "shed" itawaacha wenzake mbali. Watafute vitenzi vya "argument": "build", "support", "undermine". Nadharia ni jengo, ina msingi, inaweza kubomoka. Huu ndio wazo ambalo George Lakoff na Mark Johnson walilieneza mwaka 1980, kwamba sitiari hukaa kwenye fikra kabla haijakaa kwenye maneno. Sihitaji kuwahutubia kuhusu hilo. Orodha ya vitenzi inatosha. Anayeandika tasnifu atavitumia hivyo kila ukurasa, na kwake ni bora kuliko mbwa na paka wote wanaonyesha kutoka mbinguni.

Tahadhari ya kiufundi hapa, kwa ufupi. Programu nyingi hukupa majirani kwa idadi au kwa kipimo kinachoitwa MI, kinachopima jinsi maneno mawili yanavyoshikamana. Idadi huleta maneno ya kawaida mno. MI hupandisha maneno adimu, hata lililotokea mara mbili tu. Panga kwa MI, lakini weka kiwango cha chini cha matukio, la sivyo juu ya orodha utakuta majina ya watu na makosa ya uchapaji.

Wanafunzi wakianza kuandika

Baada ya kutazama, waandike. Kila mmoja anaandika aya yenye semi tatu au nne, kisha anazipeleka kwenye kopasi mwenyewe. Swali lake la kwanza huwa "je, ipo?" Nawaelekeza waulize pia "ipo wapi, na pamoja na nani?"

Kutokuwapo si kosa. Kopasi ya maneno bilioni haina kila sentensi nzuri inayoweza kuandikwa. Mwanafunzi akija na picha mpya namuuliza kama ameikusudia. Kama ameikusudia na inaeleweka, inabaki. Kama alidhani ndivyo Waingereza wasemavyo, arudi kwenye mistari. Kopasi yenyewe inaonyesha wenyeji wakichezea semi zao: wapo wanaoandika "the tip of a very large iceberg". Kucheza huko kunaeleweka kwa sababu msomaji anaijua sura ya kawaida, basi wajue kwanza ya kawaida.

Pasipo na intaneti, AntConc inatosha. Ni programu ya bure iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji mtandao. Unaipa mafaili ya maandishi matupu na inayapekua. Ninayoipa mara nyingi ni insha za wanafunzi wenyewe, kwa idhini yao na bila majina. Ukitafuta "light" kwenye insha za darasa zima kisha ukaweka matokeo kando ya yale ya sehemu ya kitaaluma ya COCA, unapata mpango wa somo la wiki ijayo bila kuumiza kichwa.

Mtihani nautoa kwa mistari halisi ambayo semi zake nimezifuta. Mwanafunzi anachagua kati ya "wave", "flood", "stream" na "trickle", na lazima ataje neno kwenye mstari lililomfanya achague. Jibu sahihi lisilo na ushahidi linapata nusu ya alama. Wakati mwingine mstari unakubali mbili, na mwanafunzi anakuja kudai. Tunafungua kopasi palepale mbele ya wote, na mistari ikimuunga mkono, alama ni yake.